Kinyesi kinaweza kuua samaki? Tuwaulize viboko wa Mto Mara

Machi 2022 maji ya Mto Mara upande wa Tanzania yaligeuka meusi, na samaki wakaonekana wakielea wamekufa. Serikali ikaunda kamati chini ya Profesa Samwel Manyele. Kamati iliporudi na jibu kwamba chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, watu walicheka. Ng'ombe wamekunywa maji ya mto ule tangu enzi za mababu, leo ndiyo mavi yao yameanza kuua? Wengine hata kucheka hawakucheka. Walikasirika, maana eneo hilo lina mgodi mkubwa wa dhahabu na kwao jibu lilikuwa limeshapatikana kabla kamati haijapanda gari.

Katika kelele zile maswali mawili yalichanganywa yakawa moja. La kwanza: je, kinyesi kinaweza kuua samaki? La pili: je, ndicho kilichowaua mwezi ule? La kwanza lina jibu, tena lilipatikana katika mto huohuo, upande wa Kenya, na lilikuwa limechapishwa miaka minne kabla. La pili haliwezi kujibiwa kwa hoja wala kwa kejeli, linataka vipimo. Wengi wetu tulilijibu la pili kwa kulicheka la kwanza.

Samaki anavuta nini majini?

Samaki anahitaji oksijeni kama wewe, lakini haichukui ile iliyofungamana ndani ya maji yenyewe. Anatumia oksijeni iliyoyeyuka, ambayo imeingia kutoka hewani au imetolewa na mwani na mimea ya majini wakati wa jua. Nayo ni kidogo sana. Katika hewa tunayovuta, oksijeni ni asilimia 21. Lita moja ya maji safi yenye nyuzi joto 25 hubeba takriban miligramu 8 tu, na maji yakizidi kupata joto hubeba pungufu ya hapo. Kiwango kikishuka chini ya miligramu 2 kwa lita, wataalamu huiita hali hiyo haipoksia, na samaki wengi hawawezi kuivumilia.

Kwa hiyo samaki anaishi karibu na ukingo siku zote. Sasa mwaga kinyesi ndani ya maji hayo. Kwa bakteria, kinyesi ni chakula. Watakila, watazaliana kwa kasi, na wengi wao wanapokula wanatumia oksijeni ileile ya samaki. Kama mto unaenda kasi na kuporomoka juu ya mawe, oksijeni mpya inaingia na hakuna anayeona tofauti. Kama maji yametuama au kinyesi kimekuja kingi kwa mpigo, oksijeni inaisha. Samaki anakufa bila tone la sumu kumgusa.

Hiyo ndiyo kanuni yote, na ni ya zamani. Wahandisi wa maji taka wanaitumia kila siku wanapopima maji machafu yatakula oksijeni kiasi gani. Kilichokuwa hakijulikani ni kama wanyamapori, ndani ya hifadhi, bila kiwanda wala mji, wanaweza kuufikisha mto mahali hapo.

Mwanaikolojia ni nani hasa?

Huyu watu humchanganya na bwana nyama, na mwanaharakati wa mazingira, na mkemia wa maabara. Bwana nyama analinda wanyama. Mwanaharakati anapaza sauti. Mkemia anakuambia ndani ya chupa hii kuna nini. Mwanaikolojia anafuatilia uhusiano: nani anakula nini, kimetoka wapi, kinaishia wapi, na nini kinabadilika kikikosekana kimoja. Kazi yake ni ya polepole kiasi cha kuudhi, kwa sababu mto haumwonyeshi tabia zake zote katika msimu mmoja.

Amanda Subalusky, ambaye sasa yuko Chuo Kikuu cha Florida, ni mfano mzuri. Utafiti wake wa awali ulikuwa Marekani kusini, jimbo la Georgia, juu ya aligeta, yule jamaa wa mamba. Alichunguza jinsi wanavyohama kati ya mabwawa ya msimu na vijito, na kwa kuhama huko wanavyounganisha maji ambayo kwa macho yetu hayana uhusiano. Baadaye yeye na mwenzake Christopher Dutton walifika bonde la Mara, wakati wataalamu walipokuwa wakitafuta jibu la swali la kiserikali kabisa: mtoni yabaki maji kiasi gani ili mto uendelee kuwa mto? Kutoka hapo likazaliwa swali la viboko, akalifanyia shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Yale chini ya David Post, na amekuwa nalo tangu hapo. Ukitazama vizuri, ni swali lilelile la aligeta. Mnyama anahamisha nini kutoka mahali pamoja kwenda pengine?

Jibu kwa kiboko ni rahisi kulisema. Usiku anapanda nchi kavu kula majani. Mchana kutwa amelala majini, na sehemu kubwa ya alichokula anakitolea humo. Mara ina viboko zaidi ya 4,000. Miongoni mwa waliowahesabu ni Erustus Kanga, ambaye baadaye alikuja kuwa Mkurugenzi Mkuu wa KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya. Mwaka 2015 Subalusky na wenzake walikadiria kwamba viboko hao huingiza mtoni takriban kilo 36,200 za kinyesi kila siku. Gawanya mwenyewe: ni kama kilo 9 kwa kiboko mmoja kwa siku, mvua inyeshe isinyeshe.

(Kuna hadithi inayosimuliwa sehemu nyingi za Afrika kwamba kiboko alimwomba Mungu ruhusa ya kukaa majini, akaapa hatakula samaki hata mmoja. Ndiyo maana hutawanya mavi yake kwa mkia, ili Mungu aone kwamba hayana miba. Ahadi yake ameitunza. Hakuna aliyemwuliza habari za mavi yenyewe.)

Mvua inaponyesha, samaki wanakufa

Mara inaanzia msitu wa Mau, inakotoka mito Nyangores na Amala inayokutana bondeni na kuwa mto mmoja, ikapita hifadhi ya Maasai Mara, ikaingia Serengeti, kisha kwenye matete na mafunjo ya ardhioevu hadi Ziwa Victoria. Watafiti waliacha vihisi mtoni vikipima oksijeni mfululizo, na vikawaletea jambo lililo kinyume na matarajio. Katika mito mingi, maji yakijaa na kwenda mbio hali ya oksijeni haiharibiki. Hapa, mto ulipojaa baada ya siku za ukame, oksijeni ilianguka.

Sababu ilikuwa kwenye madimbwi ya viboko, hasa ya vijito vinavyoingia Mara kama Talek na Olare Orok. Kiangazi vijito hivyo hupungua hadi kukaribia kusimama. Viboko hawaendi popote. Wanabanana penye kina, wanaendelea kunya, na kinyesi kinatua chini tabaka juu ya tabaka. Oksijeni ya chini ya dimbwi inakwisha kabisa. Hapo wanashika zamu bakteria wasiohitaji oksijeni, nao wanazalisha methani, amonia na hidrojeni salfaidi, ile gesi yenye harufu ya yai viza. Ukipita ukingoni unaona maji meusi yanayotoa mapovu na viboko wamepumzisha videvu juu ya migongo ya wenzao, wala hawana wasiwasi. Wao wanavuta hewa ya juu.

Kisha mvua inanyesha milimani. Aliyeishi mitaa ya mabondeni Dar es Salaam anajua kinachofuata, kwa sababu anawajua majirani wanaosubiri mvua kubwa ili watapishe choo. Miezi yote uchafu ulikuwa shimoni, umetulia, haumsumbui mtu. Siku ya mvua shimo linafunguliwa, na mtaa wote wa chini unapokea kwa saa moja kilichokusanywa mwaka mzima. Mafuriko ya kwanza huyatapisha madimbwi ya viboko namna hiyohiyo. Tope, maji yasiyo na oksijeni na zile kemikali zenye njaa ya oksijeni vinaingia mto mkubwa kwa pamoja, na wimbi hilo linateremka likimaliza oksijeni njiani.

Waliyaingiaje madimbwi hayo kupima? Hawakuingia. Kiboko ana sifa zake, na hakuna shahada inayomzuia. Walitumia boti ndogo inayoongozwa kwa rimoti, ikizunguka katikati ya viboko na vifaa vya kupimia. Walifanya pia majaribio kwa maji na tope la madimbwi ili kuona vinavyokula oksijeni kiasi gani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: katika miaka mitatu walirekodi matukio 49 ya mto kujaa yaliyoshusha oksijeni, 13 kati yake yakifikia haipoksia. Katika miaka mitano walishuhudia samaki wakifa kwa wingi mara tisa. Wageni hawakukosekana: mamba, fisi, tumbusi na korongo walikuwa na karamu ukingoni.

Hapo ndipo kicheko cha 2022 kinapopoteza miguu. Kinyesi kinaweza kuua samaki. Ndani ya hifadhi, bila mgodi, bila shamba, kimewaua mara nyingi.

Je, mgodi umesafishwa kwa maelezo haya?

Hapana, na nasisitiza hili kwa sababu ndipo watu wanapoteleza upande wa pili. Kwamba jambo linawezekana haina maana kwamba ndilo lililotokea. Wakazi wa kule wana sababu ya kushuku. Mwaka 2009 maji kutoka eneo la mgodi wa North Mara yalivuja na kuingia Mto Tigithe, unaomwaga maji yake Mara, na jambo hilo halijasahaulika. Mtu mwenye kumbukumbu hiyo ukimwambia "ni mavi ya ng'ombe" bila kumwonyesha vipimo, unamtukana.

Sasa vipimo gani? Kwanza, saa. Wimbi lisilo na oksijeni hupita kwa saa kadhaa kisha maji hurudi hali yake. Mtaalamu akija baada ya siku nne na chupa zake, atapima mto mwingine kabisa. Metali nzito kama zebaki hukaa kwenye tope la chini na kwenye minofu ya samaki, kwa hiyo zinaweza kutafutwa baadaye. Sianidi, sumu inayotumika migodini kutenganisha dhahabu na mawe, ni ngumu zaidi, kwa kuwa huvunjika kwa jua na hewa. Kuikosa baada ya siku kadhaa hakuthibitishi kwamba haikuwapo. Ndiyo maana kihisi kinachokaa mtoni mwaka mzima kina thamani kuliko kamati inayofika baada ya msiba, hata kamati hiyo ikiwa na maprofesa watupu.

Pili, nani amekufa. Kambare na kamongo wana uwezo wa kuvuta hewa kutoka juu ya maji. Oksijeni ikiisha, wao ndio wanaobaki hai wakati wengine wanageuka matumbo juu. Samaki wanaokosa oksijeni huonekana kabla ya kufa wakihema juu ya maji, midomo wazi, mara nyingi alfajiri, kwa sababu usiku mimea haitoi oksijeni bali huitumia. Wakubwa mara nyingi hutangulia wadogo. Sumu kali haina adabu hiyo, hupiga kambare na kamongo pamoja na wengine. Dalili hizi peke yake si hukumu, lakini mvuvi aliyekuwepo asubuhi ile ana ushahidi ambao maabara haiwezi kuupata tena, na sioni kwa nini asiwe mtu wa kwanza kuhojiwa.

Na ng'ombe? Frank Masese wa Chuo Kikuu cha Eldoret na wenzake wamelichunguza hilo Mara, kwa sababu nje ya hifadhi mifugo imechukua nafasi ya viboko. Ng'ombe mmoja si kiboko mmoja. Anafika mtoni, anakunywa, anaachia kidogo, anaondoka. Kiboko anashinda humo. Lakini ng'ombe ni wengi mno, na kwa wingi wao mzigo unakuwa mkubwa. Kinyesi chao pia ni tofauti, kwa kuwa ng'ombe hucheua na kusaga majani laini zaidi. Ule msemo wa "tangu enzi za mababu" unasahau kwamba mababu hawakuwa na mifugo mingi kiasi hiki wala mto uliopungua msitu wa kuulisha maji.

Kwa hiyo viboko ni wachafuzi?

Hili ni kosa jingine linalokuja haraka. Wakati utafiti ule unatoka, wataalamu wengi waliihesabu haipoksia kuwa alama ya mkono wa binadamu: maji taka, mbolea, viwanda. Mara ilionyesha kwamba mto wenye wanyama wake wote unaweza kuwa na siku zake mbaya bila sisi. Zamani viboko walikuwa wengi zaidi na walienea mito mingi ya Afrika kuliko leo. Inawezekana kabisa kwamba picha tuliyo nayo ya "mto safi" tumeitoa kwenye mito iliyokwisha kunyang'anywa wanyama.

Na kinyesi hichohicho kinalisha. Majani yana silikoni yanayoitoa ardhini, na mwani uitwao dayatomu hauwezi kujenga ganda lake bila silikoni. Utafiti wa Jonas Schoelynck na wenzake wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba zaidi ya robo tatu ya silikoni inayosafiri katika sehemu ya Mara waliyoipima inapitia kwa viboko. Mwaka 2021 Dutton na kundi lake wakaongeza jambo la ajabu zaidi: vijidudu vya tumboni mwa kiboko vinaendelea kuishi na kufanya kazi ndani ya dimbwi, kana kwamba utumbo umetoka nje ya mwili na viboko wote wanauchangia.

Nyumbu nao wamo. Tumezoea video za watalii, mamba anarukia, nyumbu anazama, basi. Subalusky na wenzake walipekua kumbukumbu za 2001 hadi 2015 wakakuta kwamba kwa wastani nyumbu wapatao 6,250 huzama Mara kila mwaka, tani zipatazo 1,100. Mamba hawawezi kula kiasi hicho. Wanachukua sehemu ndogo tu. Nyama laini huoza ndani ya wiki 2 hadi 10, mifupa huchukua miaka takriban saba ikiachia fosforasi taratibu. Mizoga inapokuwa mtoni, kati ya asilimia 34 na 50 ya lishe ya samaki wa kawaida wa pale hutokana nayo. Kwa hiyo mto unaoua samaki kwa mavi ndio mto unaowanenepesha kwa nyumbu. Ukitaka hadithi yenye adui mmoja, Mara siyo mahali pake.

Kinachobadilika ni maji

Kama mavi ni yaleyale na viboko ni walewale, nini huamua kama leo yatakuwa chakula au mauti? Kiasi cha maji yanayotembea. Mahali pa kuliona hili wazi ni Ruaha Mkuu, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mto huo ulikuwa ukitiririka mwaka mzima. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi, kwa sehemu kubwa kwa sababu maji yanachepushwa juu, bonde la Usangu, kwenda mashambani, hasa ya mpunga. Viboko wamebaki na madimbwi.

Watafiti Keenan Stears na Douglas McCauley na wenzao walilinganisha hapo madimbwi yenye viboko wengi na yenye wachache, mto ukiwa unatiririka na ukiwa umekatika. Mto ulipotiririka, tofauti ilikuwa ndogo. Maji yalibeba mzigo na kuusambaza. Ulipokatika, madimbwi ya viboko wengi yalijaa rutuba kupita kiasi, oksijeni ikapotea, na idadi na aina za samaki zikapungua. Mvua zilipounganisha mto tena, samaki walianza kurudi.

Kiboko wa Ruaha hajabadilisha tabia. Anakula kilekile anachokula kiboko wa Talek na kukitoa palepale. Tofauti ni kwamba kiangazi cha Talek hukatizwa na mvua mara kadhaa kwa mwaka, na kila dimbwi linapotapishwa samaki wengine huwa juu au chini ya lile wimbi na kunusurika. Kwenye Ruaha iliyokatika hakuna juu wala chini. Samaki amefungiwa dimbwini pamoja na viboko mpaka mvua ije, na kila hekta ya mpunga inayoongezwa Usangu bila kuachia maji mtoni inaurefusha muda huo.